Kompyuta Iliyougua Kagio Tu

Nimekabidhi funguo za karakana, daftari la wateja na ile ngazi ya mbao. Bisibisi yangu ya nyota sikuikabidhi. Ikitafutwa, ijulikane iko nyumbani kwangu kwenye droo ya vijiko, na mke wangu ameshaitumia kufungulia mkebe wa rangi.

Ninyi vijana mnaobaki pale Nyeri mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitaka kujua duka lilikua vipi na nani alipandishwa cheo lini. Hayo yako kwenye faili, na faili mnazo ninyi. Mimi nitaandika juu ya mashine moja tu, maana katika miaka yote hiyo hakuna nyingine iliyonivuruga akili namna ile. Mpaka leo nikiikumbuka nasikia joto masikioni.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, karibu na msikiti, na nilikuwa na viatu pea moja ambavyo nilivipiga rangi kila asubuhi kana kwamba naenda kuposa. Duka lilikuwa la Bwana Jayanti, Mhindi aliyezaliwa Nyeri hii hii, muuzaji wa karatasi, wino na taipureta. Nyuma ya duka palikuwa na chumba cha kutengenezea zile zilizoharibika. Nilikuwa na cheti cha umeme kutoka chuo cha ufundi na nilitaka kila mtu akione. Bwana Jayanti hakukitazama. Alinipa mfuko wake wa vifaa nibebe, tukaenda ofisi ya wakili mmoja mjini.

"Wewe kaa hapa," aliniambia. "Angalia huyu mama akipiga taipu. Usishike kitu."

Nilikaa asubuhi nzima. Taipureta ile ilikuwa imeletwa dukani mara tatu kwa lalamiko lile lile, kwamba inakwama ikikaribia mwisho wa mstari, na mara zote tatu ilipofika dukani ilienda vizuri kabisa. Nilimtazama yule mama, nikatazama vidole vyake, nikaona haya kulipwa kwa kukaa. Saa sita Bwana Jayanti akarudi. Akaniuliza nimeona nini, nikasema sijaona kitu. Akashika meza, akaisogeza kutoka dirishani kadiri ya shibiri moja, akamwomba mama aendelee. Haikukwama tena. Kumbe kile kigari kinachobeba karatasi, kila kikifika mwisho wa mstari, kilikuwa kikisukumana na pazia zito la dirisha. Mfuko wa vifaa haukufunguliwa.

"Kila mashine iko na nyumba yake," aliniambia tukirudi. "Angalia nyumba kwanza. Kufungua ni baadaye."

Jioni niliwasimulia majirani, tukacheka mpaka wakaja wengine kuuliza kuna nini. Nilidhani nimeelewa.

Kompyuta zilipoanza kuingia katika miji yetu hazikuja zikiwa mpya. Zilikuja zimeshachoshwa na ofisi za Nairobi, nyingine na herufi zimefutika kwenye kibodi. Bwana Jayanti alinunua kitabu kimoja kikubwa, akanipa, akasema macho yake hayawezi tena vitu vidogo vile. Mimi nikawa fundi wa kompyuta kwa sababu hiyo tu, kwamba macho yangu yalikuwa mazuri. Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi ya nyota, brashi ya kupakia rangi, kifutio cha penseli cha kusugulia meno ya kadi, na pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi. Skrubu niliziweka ndani ya visanduku vya kiberiti, kila kisanduku na jina lake. Ninyi mna sumaku na vikombe maalumu, na bado mnapoteza skrubu.

Nilipenda kufungua. Sitawaficha. Mteja akianza kueleza shida, mimi tayari nilikuwa nimeshika kifuniko.

Ndipo ikaja simu kutoka Kagio. Palikuwa na chama cha wakulima wa nyanya na mishiri, yale maharagwe membamba yanayouzwa ng'ambo. Chama kilikuwa na ofisi ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusagia unga, na katika chumba kimoja palikuwa na kompyuta iliyonunuliwa kuukuu, ya aina ile pana inayolazwa mezani na kioo kikakaa juu yake. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanachama wote na uzito wa mizigo waliyoleta, kila mmoja siku yake. Aliyeitumia alikuwa karani mmoja jina lake Wanjira. Alikuwa amejilipia mwenyewe masomo ya kompyuta huko Kerugoya, na kwa mshahara wa kazi hiyo alikuwa akiwasomesha wadogo zake wawili. Hayo aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, wakati akinimiminia chai.

"Na shida ni gani?" nikamuuliza.

"Inahang. Unaandika hivi, halafu inakataa. Hata mouse haisongi. Lazima uzime."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi iko sawa. Ikifika mchana inachoka."

Nikacheka. "Mashine haichoki, madam. Kuchoka ni sisi."

Alitabasamu kidogo kwa adabu. Mimi nilikuwa tayari nimetoa skrubu ya tatu. Nilipuliza vumbi, nikasugua kadi za kumbukumbu kwa kifutio, nikarudisha kila kitu, nikaiwasha. Tukakaa nayo mpaka jioni. Haikuganda hata mara moja. Nilirudi Nyeri nikijiona daktari.

Baada ya siku mbili simu ikalia. Imeganda tena.

Mara ya pili nilitangulia kupiga simu, kama nilivyofanya mara zote, kuwaambia nitafika siku gani na saa ngapi, ili watu wasiwe wameenda shambani. Nilikuta ofisi imefagiliwa, meza imepanguswa, kompyuta inaningoja. Nikaifungua. Ndani palikuwa safi. Nikaiwasha, ikafanya kazi saa nzima, saa mbili, saa tatu. Nikaanza kuitazama kwa chuki. Kisha nikasikia kinu cha jirani kikiunguruma nyuma ya ukuta, taa ikafifia kidogo, na mimi nikafurahi kupita kiasi. Umeme! Kinu kinavuta umeme wote, mashine inakosa nguvu, inaganda.

Nilienda kwa mwenye kinu nikamwomba azime kwa saa moja tufanye jaribio. Palikuwa na akina mama kama kumi na tano na ndoo zao za mahindi. Mmoja aliniuliza kama hiyo kompyuta inakula ugali. Mwenye kinu alizima kwa dakika ishirini, kwa heshima ya mwenyekiti, si yangu. Kompyuta haikuganda. Akawasha kinu. Kompyuta haikuganda vilevile. Jaribio halikuonyesha chochote, lakini mimi niliandika kwamba tatizo ni umeme, tukawafungia stebilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme.

Siku tatu. Simu. Imeganda.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kulala vibaya. Niliomba pikapu ya chama ilete mashine Nyeri, nikaiweka kwenye meza yangu ya kazi, nikaiacha ikifanya kazi tangu asubuhi hadi tunafunga duka, siku tatu mfululizo. Ilienda kama saa ya ukutani. Nilijaribu kuiudhi. Niliandika upuuzi kurasa na kurasa, nikafungua kila kilichofunguka, nikagonga meza. Haikujali. Niliwaza juu ya hewa ya Kagio, kwamba huko chini ni joto na huku kwetu ni baridi, lakini mara mbili nilikuwa nimekaa nayo huko huko Kagio, jua likiwaka, na haikufanya lolote. Nikiwepo, ilikuwa nzima. Nikiondoka, ilikuwa mgonjwa. Kuna mchana mmoja nilijikuta nikijiuliza kama inaniogopa, na sikuwa natania.

Siku ya tatu hiyo, nikipitisha taa ndani yake, nikaona kitu cha kijani karibu na ile betri ndogo iliyobandikwa kwenye bodi kubwa, ile mnayoiita motherboard. Betri ilikuwa imevuja, na maji yake yalikuwa yameanza kula nyaya za bodi. Nilikaribia kupiga kelele. Huyu hapa! Bodi imeoza, ndiyo maana inafanya mambo ya ajabu ajabu.

Nilimpigia mwenyekiti wa chama, Mzee Gachoki, nikamweleza.

"Kompyuta mpya hatuwezi," alisema. "Hiyo mambo usiseme hata."

"Si mpya, mzee. Ni bodi tu. Natafuta moja iliyotumika, Nairobi, inayokubali ubongo na kumbukumbu za ile ya zamani. Hivyo hatununui kingine."

"Tulikuwa tumeweka pesa ya mizani. Watu wanalia juu ya mizani."

"Bila bodi hamtajua hata nani alileta nini."

Akakubali. Bwana Jayanti, ambaye siku hizo alikuwa anakaa tu kwenye kaunta na redio yake, alinisikia nikiweka simu.

"Umeangalia nyumba yake?" aliuliza.

"Nimeangalia," nikasema. Na niliamini nimeangalia. Nilikuwa nimefika pale mara mbili.

Kubadilisha bodi ile nitawaeleza, kwa sababu hata nikiwa nimekosea sababu ya kuibadilisha, kazi yenyewe niliifanya vizuri. Kwanza kabla ya kung'oa chochote niliiwasha nikanakili zile namba za diski ambazo mashine za zamani zilihitaji kuambiwa kwa mkono. Niliziandika kwa penseli ndani ya kifuniko cha kasha, zisipotee. Bodi ikitoka, namba hizo zinatoka nayo, na bila namba diski inakuwa kama chuma tupu. Majina ya wakulima wote wa Kagio yalikuwa humo, na mtu wa kubuni namba hizo upya hayupo. Kisha nikatoa kadi moja moja nikizipanga kwa mstari kama zilivyokaa. Mikanda ya waya niliiwekea alama ya kalamu, maana ule mstari mwekundu wa pembeni lazima uelekee pini ya kwanza. Bodi tuliyonunua Nairobi ilikuja bila kitabu. Ilikuwa na vipini vidogo vya kuunganisha, jampa, safu na safu, na kila kimoja kilikuwa na maana ambayo hakuna aliyeiandika. Nilivijaribu kwa kulinganisha na bodi ya zamani kwa siku mbili. Mwisho, zile plagi mbili za umeme zinazokaa bega kwa bega: waya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, bodi inakufa kabla hujasema pole. Nilizitazama, nikaondoka nikanywa maji, nikarudi nikazitazama tena ndipo nikawasha.

Ikawaka. Diski ikaitika. Majina yakaja yote. Nilipofikisha mashine Kagio, Wanjira alipiga makofi, na Mzee Gachoki akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Siku nne baadaye simu ililia. Nilijua kabla ya kuinua. Safari hii aliyeongea ni mwenyekiti.

"Fundi, imekufa tena."

Nilienda. Nikaifungua mara ya nne. Sikuona kitu. Niliiwasha ikafanya kazi, nami nimekaa mbele yake kama mtu aliyeshitakiwa. Kichwa changu kilikuwa tupu kabisa. Siwezi kueleza hali hiyo kwa mtu ambaye hajaipitia. Unajua vitu vyote vilivyo ndani, umeshika kila kimoja, na bado jambo halina kichwa wala miguu.

Mzee Gachoki alisimama mlangoni. "Ikiwa na wewe, inafanya. Ikiwa na Wanjira, inakufa. Sasa mimi nifikirie nini?"

Wanjira alikuwa chumba cha pili akihesabu karatasi za mizigo. Ukuta ulikuwa wa mbao. Alisikia.

"Kamati inataka maandishi," mzee aliendelea. "Tumetumia pesa ya mizani."

Duka letu lilikuwa na kadi za kazi. Kila kadi ilikuwa na mstari wa mwisho: Chanzo cha hitilafu. Mstari huo haukutakiwa kuachwa wazi. Niliushikia kalamu kwa muda mrefu. Bodi, hapana. Umeme, hapana. Vumbi, hapana. Kuandika "sijui" sikuweza, nilikuwa mtu mwenye cheti. Niliandika: Matumizi yasiyofaa. Nikaweka sahihi, nikanywa chai yangu, nikaondoka. Nilijiambia kwamba ni maneno mawili tu ya kujaza nafasi.

Jumatano ya wiki iliyofuata simu ililia dukani. Alikuwa Wanjira, na nilisikia gari zikipita nyuma yake. Alikuwa kwenye simu ya barabarani, ya kutia sarafu.

"Fundi, karatasi yako itasomwa kwa kamati Ijumaa. Chairman amesema nitaandikiwa barua niende."

Nilisikia akitia sarafu nyingine.

"Mimi sijakupigia nikugombanishe. Nataka tu uniambie. Niliitumia vibaya aje? Nilifanya nini? Nikijua, hata nikifukuzwa nitajua."

Sarafu zikaisha, simu ikakata. Nilibaki na mkono wa simu sikioni. Bwana Jayanti alikuwa amepunguza redio. Nadhani alisikia kila kitu, lakini hakuniuliza tena juu ya nyumba. Alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ijumaa niliomba lifti kwenye lori lililokuwa limeleta nyanya Nyeri na sasa linarudi tupu. Sikupiga simu. Sikujua nitasema nini, ningewezaje kuwaambia nakuja? Mfuko wa vifaa niliubeba kwa mazoea tu. Nilifika Kagio saa nane mchana, jua la kuchoma utosi, nikazunguka nyuma ya kinu, nikasukuma mlango wa ofisi bila kubisha.

Wanjira alikuwa akipiga taipu, amenipa mgongo. Na kompyuta ilikuwa imevaa nguo.

Mnavijua vile vitambaa vya kufuma, vyeupe, vya maua ya waridi pembeni, ambavyo mama zetu hutandika kwenye makochi, juu ya redio, juu ya televisheni, hata juu ya thermos. Kimoja kilikuwa juu ya kioo, kimeshuka pande zote kama leso ya kichwani. Kingine, kikubwa, kilikuwa kimefunika kasha lenyewe kutoka bega hadi bega, na nyuma kimeanguka mpaka mezani, kizito, kimekunjwa mara mbili ili kining'inie sawasawa. Nyuma pale ndipo feni inapotolea hewa ya moto.

Aligeuka akaruka. "Fundi! Hukupiga simu!" Na mikono yake ikaenda mbio kwenye vitambaa, kuvivua.

"Ngoja," nikasema. "Usitoe."

Nilipitisha mkono nyuma, chini ya kile kitambaa. Palikuwa na moto kama ubavu wa jiko. Feni ilikuwa inazunguka, inapuliza kwenye uzi, na hewa ile ile inarudi ndani.

"Hivi hukaa hapa kila siku?"

"Kila siku. Mama chairman, bibi ya mzee, ndio alitufumia, siku kompyuta ilikuja. Alisema isikae uchi kwa ofisi, na vumbi ya Kagio unaijua."

"Mbona sijawahi kuviona?"

Alinishangaa. "Si wewe hupiga simu ati unakuja? Ndio tunatoa. Alisema fundi ako na grisi kwa mikono, visichafuke. Naosha, naweka kwa droo, ukienda narudisha."

Nikatafuta kiti. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mara nne. Mara nne walinivulia mashine, kwa heshima, kama unavyomwondolea mgeni kuku kwenye kochi, nami nikaja nikaitibu ikiwa imeshapona. Nilifikiria pazia la ofisi ya wakili. Nilifikiria majirani wangu wa Majengo wakicheka.

Tulikuwa bado tunatazamana wakati kile kistari kinachopepesa kwenye kioo kilipoacha kupepesa. Wanjira akagonga kibodi. Hakuna. Kwenye kioo palikuwa na ajenda ya mkutano wa saa tisa, aliyopewa kuipiga taipu yeye mwenyewe, na ilikuwa imegandia kwenye namba tatu: Kuhusu karani.

"Unaona?" alisema kwa sauti ndogo. "Sijafanya kitu."

"Naona," nikasema. "Umehifadhi?"

"Mimi huhifadhi kila laini mbili. Nimezoea."

Tulivua vitambaa pamoja, tukaipepea kwa kifuniko cha faili, tukaiacha ipoe. Kisha nikaingia chumba cha pili kuwangoja wanakamati.

Walikuwa watano na Mzee Gachoki. Kadi yangu ilikuwa mezani, mbele yake. Niliomba kusema kabla haijasomwa, na kwa kuwa walishangaa kuniona, wakaniruhusu. Niliwaambia. Mashine inapumua kwa nyuma, kitambaa kilikuwa kimeiziba pua, na ikifika mchana joto la humo ndani na joto la Kagio yakikutana, inazimia. Niliwaambia Wanjira hakufanya kosa lolote. Kosa ni langu, nilikuja mara nne nikafungua mashine na sikuwahi kumwomba aitumie kama anavyoitumia kila siku.

"Kitambaa?" alisema Mzee Gachoki.

"Kitambaa, mzee."

Kamati nzima ilitazama meza. Kila mtu pale alijua ni nani alikifuma, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukilaumu. Mzee mmoja alikohoa.

"Na bodi?" mwenyekiti akauliza polepole. "Tulinunua bodi ya nini?"

Hilo swali nilikuwa nimelitegemea njia nzima, na bado lilinipiga. "Ile betri ilikuwa inavuja kweli, mzee. Lakini ingetosha kusafisha na kuweka betri nyingine. Bodi hamkuihitaji."

Niwaambie hapa hapa ili msiulize: wiki iliyofuata niliisugua bodi ya zamani kwa siki na brashi ya meno, nikaibadilishia betri, nikairudisha kwenye kasha lake, na ilifanya kazi mpaka chama kilipoacha kutumia mashine za aina ile. Ile nyingine ilienda kwa mteja wa Karatina, pesa ikarudi kwa chama, na kilichopungua nilikilipa mimi. Mizani ilinunuliwa, kwa kuchelewa. Mama mwenyekiti alifuma kitambaa kingine kifupi, cha kioo peke yake, na nasikia hakusalimiana na mumewe kwa siku mbili.

Lakini siku ile, mwenyekiti alichukua kadi yangu akataka kuichana. Wanjira alikuwa amesimama mlangoni na thermos ya chai.

"Chairman, samahani," alisema. "Usiichane." Kisha akanigeukia. "Fundi, wewe ulisema kwa karatasi. Sasa unatoa kwa mdomo. Hiyo ya mdomo nani atakumbuka?"

Nilifungua mfuko wangu wa kando, si ule wa vifaa, nikatoa kadi mpya. Niliandika jina la chama, aina ya mashine, kila kitu kama kawaida. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho, Chanzo cha hitilafu, safari hii sikuchelewesha kalamu. Niliandika: Fundi hakuangalia. Karani hana kosa. Nikaweka sahihi. Alikuja akaisoma, akaisoma tena, akaipiga muhuri wa chama mwenyewe, akaikunja na kuiweka kwenye mkoba wake. Halafu akawamiminia wazee chai. Mara zote nne za kwanza alinimiminia mimi kabla ya wote. Siku hiyo kikombe changu hakikuja, na sikukiuliza.

Namba tatu ilifutwa kwenye ajenda. Mzee Gachoki alisema hataki tena maneno ya fundi matupu, kwa hivyo nikae pale mpaka ofisi ifungwe, tuone.

Nilikaa. Niliweka kiti pembeni, nikaegemeza mfuko ukutani. Wanjira alipiga taipu kumbukumbu za mkutano, kisha akaingiza mizigo ya asubuhi. Nikaona mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Nikaona jinsi jua linavyoingia kwa dirisha la magharibi na kutua juu ya kasha kuanzia saa tisa, nikamwambia tusogeze meza, tukaisogeza. Nikaona kwamba yeye hupitisha kiganja juu ya mashine kila baada ya muda, kama unavyompima mtoto homa, bila hata kujua anafanya hivyo. Saa kumi ikapita. Kinu kikaunguruma, taa ikafifia, ikarudi. Kistari kikaendelea kupepesa.

Saa kumi na moja alizima, akavuta plagi, akaweka kiganja juu ya kasha mara ya mwisho.

"Imechoka?" aliniuliza.

"Haijachoka."

"Mimi nilikuambia siku ya kwanza, fundi," alisema, akifunga droo. "Ukacheka."

Ni kweli nilicheka. Nilimwambia pole, akaitika kwa kichwa. Nikainua mfuko wangu wa vifaa, ambao siku hiyo nzima haukufunguliwa, nikatoka kwenda kutafuta lori la kunirudisha Nyeri.